Nusu Shari Nayo ni Shari

Wahenga walinena kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii hukaririwa madarasani tangu shule ya msingi, na mwanafunzi anapoulizwa maana yake hujibu bila kusita kwamba hasara ndogo ni bora kuliko hasara kubwa. Jibu hilo ni sahihi na hupata alama zote. Hata hivyo, watahini hawana mazoea ya kuuliza habari za neno lenyewe lililobeba uzito wa methali, yaani shari. Nusu ya shari haigeuki kuwa heri kwa sababu tu ni nusu. Hilo alilijua mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Embu, aliyebeba mimba ya watoto wanne na kujifungua wawili.

Mwalimu, kama anavyoitwa na majirani, anaishi upande wa juu wa Embu, pale ambapo mashamba ya kahawa huanza kuyapisha majani chai, na Mlima Kenya huonekana alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Kwa miaka saba ya ndoa yake hakujaliwa mtoto. Katika nchi ambamo mwanamke akishazaa huitwa Mama Fulani na jina lake la usichana likasahaulika, yeye aliendelea kuitwa Mwalimu, hata na mama mkwe wake. Hakuna aliyemtukana wala kumsimanga. Heshima waliyompa ilikuwa ya kweli, ila kila alipoamkiwa kwa jina hilo alikumbuka jina jingine ambalo hakuwa nalo.

Alipotimiza miaka 33 alianza matibabu. Mwanzoni alipewa vidonge vya klomifeni, ambavyo huuchochea mwili upevushe yai. Vidonge vilipokosa kufaa, alihamia kwenye sindano za homoni zenye nguvu zaidi. Matibabu ya aina hii yana masharti yake. Ovari za mwanamke hutakiwa kutazamwe kwa ultrasaundi kila baada ya siku chache, na ikibainika kwamba mayai mengi yanapevuka kwa pamoja, mzunguko huo huachwa, mume na mke wakajizuia, wakasubiri mwezi mwingine. Katika kliniki aliyoiendea, sindano zilitolewa na malipo yakapokewa, lakini picha haikupigwa hata mara moja. Picha ya kwanza alipigwa mahali pengine, wiki ya nane ya mimba. Mpiga picha alihesabu, akanyamaza, akahesabu tena. Vilikuwa vijusi vinne, kila kimoja na kondo lake.

Mumewe, karani katika chama cha ushirika cha kahawa, alipopata habari alicheka hadi machozi yakamtoka. Kwa desturi ya watu wa Embu, kama ilivyo kwa jirani zao Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na wa kwanza wa kike jina la mama ya baba yake. Wanaofuata huchukua majina ya wazazi wa mama. Wazazi wanne, watoto wanne. "Wazee wote wamepata wajina wao siku moja," alisema, "hakuna atakayemnunia mwenzake." Mwalimu hakucheka. Alikuwa bado anaukumbuka uso wa mpiga picha.

Furaha ya mume haikuwa ya kijinga. Mei 2021 ulimwengu ulikuwa umeshangilia Halima Cissé wa Mali alipojifungua watoto tisa, na wote wakaishi. Linalosahaulika katika kisa hicho ni gharama yake. Mama huyo alilazwa Bamako, kisha serikali ikampeleka Casablanca, nchini Morocco, ambako alipasuliwa mimba ikiwa na wiki 30. Watoto walikuwa na uzito wa kati ya gramu 500 na kilo moja, na familia ilirejea nyumbani Desemba 2022, mwaka mmoja na nusu baadaye. Nani katika vijiji vya Embu angeyamudu hayo?

Tiba ina hesabu zake, nazo hazina huruma. Mimba ya mtoto mmoja hukomaa kwa takriban wiki 40. Ya pacha kwa wastani hufikia wiki 35 au 36, ya mapacha watatu wiki 32, na ya wanne wiki 30 hivi. Kila wiki inayopungua huondoa kitu: nguvu za mapafu, uimara wa mishipa ya ubongo, uwezo wa kunyonya. Mtoto akinusurika anaweza kubaki na ulemavu wa viungo, wa macho au wa akili. Mama naye hukabiliwa na shinikizo la damu, kifafa cha mimba, upungufu wa damu, na hatari ya kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, kwa kuwa misuli ya tumbo la uzazi lililotanuka kupita kiasi hushindwa kujikaza. Mwalimu alikuwa na shinikizo la damu hata kabla ya kubeba mimba, na vipimo vilionyesha kwamba figo zake zilikuwa zimekwisha kuanza kudhoofika.

Daktari bingwa aliyemwona Nairobi, kilomita zipatazo 130 kutoka nyumbani kwake, alimweleza yote hayo taratibu, kisha akatumia neno ambalo Mwalimu alikuwa akilitumia kila siku bila kulifikiria. Alisema kuwa vijusi vingeweza "kupunguzwa" kutoka vinne hadi viwili. Kupunguza! Katika Kiswahili hupunguzwa bei, hupunguzwa mwendo, hupunguzwa mzigo. Katika miaka ya 1990 Wakenya wengi walipunguzwa kazini, na familia zao zingali zinakumbuka barua zile. Mkulima naye hupunguza miche: hupanda mbegu mbili au tatu katika shimo moja, mvua ikinyesha na mimea ikachipua, hung'oa iliyo dhaifu ili iliyobaki ipate rutuba. Hilo ni neno la busara, neno la mtu anayeitazama kesho. Lakini Mwalimu alijiuliza: mche unapong'olewa, nani humpa pole mkulima?

Swali la sheria halikuepukika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 26, inatamka kuwa maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 158 hadi 160, ingali inataja adhabu. Upunguzaji wa vijusi hautajwi kwa jina lake katika kifungu hicho cha Katiba. Kilichokuwepo mbele ya daktari ni figo za mgonjwa na shinikizo lake la damu, naye aliandika maoni yake katika faili na kuyatia sahihi. Mwalimu alitia sahihi yake chini ya ile ya daktari. Kalamu ilikuwa ile ile aliyosahihishia insha za darasa la saba.

Utaratibu wenyewe si mpya duniani. Madaktari wa Ufaransa, Dumez na Oury, waliuandikia taarifa mwaka 1986, na wenzao wa New York wakatoa yao mwaka 1988. Aghalabu hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14, baada ya kila kijusi kuchunguzwa kwa makini. Sindano nyembamba hupitishwa katika ngozi ya tumbo, ikiongozwa na picha ya ultrasaundi, na dawa ya kloridi ya potasiamu hutiwa karibu na moyo wa kijusi, nao husimama. Vijusi vikiwa vinatumia kondo moja, njia hii haitumiki kamwe, kwa sababu mishipa yao ya damu huungana na dawa ingemfikia mwenzake. Kwa Mwalimu kila kijusi kilikuwa na kondo lake, hivyo njia ilikuwa wazi. Kazi nzima haikuzidi muda wa kipindi kimoja cha darasani.

Akiwa amelala pale, aliuliza swali moja tu: nani anayechagua? Daktari hakumficha. Kasoro ikionekana katika kijusi kimoja, hicho ndicho huguswa. Kasoro isipoonekana, huangaliwa vilivyo mahali ambapo sindano inafika kwa urahisi, na kile kilicho karibu na mlango wa tumbo la uzazi huachwa, ili kuepusha maambukizi na kupasuka kwa chupa ya maji. Hakuna aliyetazama kama ni mvulana au msichana. Hakuna aliyesema huyu ana thamani kuliko yule. Jibu hilo lilikusudiwa kumpunguzia mzigo, na kwa upande mmoja lilimpunguzia. Kwa upande wa pili lilimwachia fumbo ambalo hakuna mhakiki awezaye kulifumbua: kwamba wawili waliishi kwa kuwa walikuwa wamelala upande ule, na wawili walikwenda kwa kuwa walikuwa wamelala upande huu.

Hatari haikwishia mezani. Hata katika vituo vyenye wataalamu wazoefu, kati ya mimba 5 na 10 katika kila 100 zinazopunguzwa kutoka wanne hadi wawili huharibika kabisa. Madaktari huikubali hatari hiyo kwa kuwa mimba ya wanne ikiachwa ilivyo ina hatari kubwa zaidi. Mwalimu alipewa orodha ya dalili za kuogopwa: damu inayozidi matone, maji yanayovuja ukeni, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yasiyotulia. Aliambiwa apumzike, asiinue mzigo mzito wala kulala na mumewe kwa siku kadhaa, kisha arudi kupigwa picha baada ya wiki moja. Damu yake ilipimwa pia, kwani mwanamke ambaye kundi lake la damu ni hasi huhitaji sindano ya kuilinda mimba iliyobaki. Aidha, aliarifiwa kuwa vijusi vilivyokwisha kufa havitoki. Hubaki tumboni pamoja na wenzao, hunyauka na kufyonzwa polepole, na pengine mabaki yake huonekana siku ya kujifungua, membamba kama karatasi.

Basi alirudi Embu kwa matatu, akikalia kiti cha mbele ili asirushwerushwe njiani, akiwa amebeba wanne bado, wawili hai na wawili wafu. Kwa wiki moja aliamka kila usiku kutazama shuka kwa mwanga wa simu. Damu haikuonekana isipokuwa matone ya siku mbili za kwanza. Wiki ya pili picha ilionyesha mioyo miwili ikidunda. Kwa kipimo cha hospitali, alikuwa amepona.

Kijijini walijua tu kwamba Mwalimu ana mimba ya pacha. Mumewe alishauri iwe hivyo, naye alikubali, kwani ni nani angeweza kueleza jambo lile kanisani au katika chama cha akina mama bila ya mtu mmoja kutamka neno "kuavya"? Ukimya huo ulikuwa ngao yao. Ngao nayo ina uzito, na aliyeibeba zaidi ni Mwalimu. Mumewe, kila alipomwona ameinama, alimkumbusha methali ile ya nusu shari. Hakukosea. Alichokosa ni kujua kwamba mkewe alikuwa amekwisha kuikariri mara nyingi kuliko yeye, na kwamba ilikuwa imekomea kwenye akili bila ya kushuka moyoni.

Alijifungua wiki ya 34, katika hospitali moja mjini Embu, kwa upasuaji, baada ya shinikizo la damu kupanda. Alikuwa mvulana wa kilo 2.1 na msichana wa kilo 1.8. Msichana alifungwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu ambao ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa vifaa. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo wakianza kufungwa hivyo mara tu wanapozaliwa, vifo vyao hupungua kwa robo. Hapo tena neno likawa lile lile, kupungua, lakini safari hii lilikuwa tamu.

Muuguzi mmoja mzee, aliyekuwa amesoma faili, aliinama na kumnong'oneza: "Mama, wale wengine wameonekana kwenye kondo. Ungependa kuwaona, au nikuhifadhie siri?" Mwalimu alisema angependa. Alionyeshwa katika kitambaa cheupe, kwa muda wa pumzi chache, kisha kikafunikwa. Lilikuwa jambo dogo, lakini mtu mmoja alikuwa amewaita "wale wengine". Alikuwa amewahesabu.

Tangu siku hiyo jina la Mwalimu lilianza kufifia. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Wanawake walikuja na uji, ndizi na kuni, wakaimba na kupiga vigelegele, na kila aliyeingia alisema, "Hongera, Mama Pacha, umetulipa wawili kwa mpigo!" Alilipata jina alilolingoja miaka saba, na kila lilipotamkwa lilimhesabia wawili huku yeye akihesabu wanne.

Ni vyema wapenzi wa lugha wakatua hapa kidogo. Afrika Mashariki ina utajiri wa majina ya mapacha. Wasukuma wana Kulwa na Doto, na Shija anayewafuata. Waganda wana Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, na Kizza anayezaliwa baada yao. Waluo wana Opiyo na Odongo. Anayefuata mapacha ana jina. Anayewatangulia na kutoweka hana. Kiswahili chenyewe kina neno "kigego" kwa mtoto aliyeogopwa kuwa ataleta mkosi, ambaye zamani aliweza kuuawa kwa hofu hiyo. Waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika kuwa katika baadhi ya jamii za Mlima Kenya pia mapacha walihesabiwa kuwa mkosi. Msomaji wa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Chinua Achebe, atamkumbuka Nneka, aliyezaa mapacha mara nne na mara zote wakatupwa, hata akawakimbilia Wakristo akiwa na mimba nyingine. Lugha zetu, basi, zina msamiati wa mtoto aliyekataliwa kwa hofu na wa mtoto aliyepokewa kwa shangwe. Hazina neno la mtoto aliyetakiwa kwa moyo wote, kisha akaachwa aende ili mwenzake abaki. Pengo hilo si la kamusi peke yake, kwani lisilo na jina halina pole, na lisilo na pole halina matanga.

Watafiti waliowahoji wanawake wa Marekani waliopitia utaratibu huu katika miaka ya 1990 waliona kwamba wengi wao waliumia sana siku zile, wakaomboleza, wakajilaumu. Kwamba kwa walio wengi majonzi yalipungua kadiri watoto waliobaki walivyokua. Na kwamba karibu wote wangefanya uamuzi ule ule tena. Mambo hayo mawili, kutojutia na kuomboleza, hayapingani. Anayemwambia mama kama huyu "shukuru una wawili" humwomba achague moja kati yake, ilhali moyo wa binadamu huyabeba yote mawili.

Mapacha walipokuwa na mwaka mmoja na miezi, mvua za Oktoba zilinyesha vizuri. Mwalimu na mama mkwe wake walikwenda shambani kupunguza mahindi. Mama mkwe alitangulia mstari wake, na alipogeuka alimwona mwenzake amechuchumaa juu ya shimo moja lenye miche mitatu, mkono umeshika mmoja bila kuuvuta. Alirudi, akaketi juu ya udongo uliolowa, akauliza kulikoni. Ndipo Mwalimu alipoyasema yote, tangu picha ya wiki ya nane hadi kitambaa cheupe.

Mama mkwe hakusema methali. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasimulia kuwa nyanya yake alizaliwa pacha, na kwamba yule mwenzake hakuonekana tena, na hakuna aliyewahi kumwambia alikopelekwa. Bibi huyo alizeeka akikata chakula chake vipande viwili kabla ya kukila. "Wale wa zamani waliwaogopa," alisema. "Wewe hukuwaogopa. Haifanani." Kisha akahesabu kwa vidole, kama mtu anayegawa urithi. Mvulana alikuwa na jina la mzee wake, msichana alikuwa na jina lake mwenyewe. Yalibaki majina mawili.

"Basi waliokwenda ni wa kwenu," alisema. "Wajina wa baba yako na wa mama yako. Nami nilikuwa nashangilia wangu bila kujua. Pole, mwanangu. Pole sana."

Kwa miaka tisa alikuwa amemwita Mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu, na mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumpa Mwalimu pole kwa ajili ya wale wawili. Alilia pale shambani, kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani, na mama mkwe alimshika bega hadi alipomaliza. Kisha waliinuka, kwa kuwa mstari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa linapanda.

Methali ya wahenga ingali kweli. Daktari aliyeandika katika faili lile aliifuata, na watoto wawili wanaokimbia uani ni ushahidi kwamba hakukosea. Lakini anayefundisha methali hiyo kesho asiishie kwenye neno heri. Amkumbushe mwanafunzi kuwa aliyenusurika na shari kamili amebaki na nusu mkononi, na kwamba nusu hiyo hustahili pole kama shari nyingine yoyote.